Mkono wa Kushoto ni L, wa Kulia ni R

Mnaniita Bibi Mitambo na mimi nimekubali. Wenzangu wengi wa umri huu siku hizi wanatambulishwa kwa magonjwa yao: yule wa presha, yule wa magoti. Afadhali mimi nina jina la kazi. Maisha yangu yote nimekaa nyuma ya kioo nikirekodi watu wanaoimba hapa Mwanza: kwaya, bendi za harusi, wahubiri, na mara moja mwanasiasa aliyetaka wimbo wa kampeni halafu akaona bora auimbe mwenyewe. Studio yetu ilikuwa ndogo, iko mlimani, na ukuta wake wa nyuma ni jiwe lenyewe. Mjenzi alichoka kulivunja, akajenga kulizunguka.

Sasa ninyi mnaorekodi kwa simu mmenikuta nimestaafu, mnataka niwape siri. Siri sina, nina mazoea tu. Zima friji kabla ya kurekodi, maana friji nayo inaimba, na ikishaingia ndani ya wimbo huitoi. Mvua ikianza kugonga bati, acheni kazi, mnywe chai. Na msimu wa wale wadudu wa ziwani wanaoinuka juu ya maji kama moshi, funga dirisha hata kama mnaiva kwa joto, la sivyo mwimbaji akivuta pumzi ndefu atakula kitoweo bila kutaka. Halafu kuna hili moja: mwimbaji akikwambia yuko tayari, usimwamini. Mpe maji, muulize habari za nyumbani. Sauti ya mtu inatoka pamoja na mambo ya nyumbani kwake, na hakuna mtambo unaoweza kuyachuja. Hilo ndilo nataka kuwaeleza, na mimi si mtu wa kueleza kwa kifupi, kwa hiyo kaeni.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Anatoli, Mkerewe mfupi, mkali kwa nyaya na mpole kwa watu. Alinikuta nafagia ofisi, binti wa Kihaya niliyekuja kwa meli na sanduku moja na adabu nyingi za Kilutheri. Ofisini kulikuwa na feni mbili juu. Akaniuliza, bila hata salamu, "Binti, hizo feni zina tofauti gani?" Nikamwambia ile ya karibu na mlango inakohoa. Akaninyang'anya ufagio, akanivalisha hedifoni. Huo ndio usaili wangu, sikufanyiwa mwingine mpaka nastaafu.

Mzee Anatoli alikuwa na kidonda kimoja moyoni. Kanda zetu zilikuwa zinapelekwa Dar es Salaam ili zipigwe redioni, na huko walikuwa wanazicheka. Hawakucheka sauti, sauti zetu ni nzuri na wao wanajua. Walicheka L na R. Mnajua wenyewe tulivyo huku. Msukuma R haimkai mdomoni, kwake habari ni habali. Ukielekea upande wa Musoma mambo yanageuka, huko L ndizo zinazopotea. Basi kwaya inaimba vizuri hadi unafuta machozi, halafu linakuja neno moja, na mtu wa Dar ameshika mbavu.

Ndipo Mzee Anatoli akabuni ishara. Fundi anakaa nyuma ya kioo na maneno ya wimbo mbele yake. Likikaribia neno lenye L, anainua mkono wa kushoto. Likikaribia neno lenye R, anainua wa kulia. Waimbaji wanatuangalia, wanajiandaa. Ilifanya kazi mara nyingi, ingawa ukiwa na wimbo wenye maneno mengi unaonekana kama mtu anayeongoza magari njia panda.

Haikufanya kazi siku zote. Kuna kwaya moja ya akina mama ilikuja kutoka kule Musoma na wimbo uliojaa aleluya. Walipoanza "Areruya", nikainua mkono wa kushoto. Wakaimba tena "Areruya". Nikauinua zaidi, nikasimama, nikauinua mpaka bega likauma. Wale mama wakaona roho imenishukia. Wote wakainua mikono juu, wakafumba macho, wakaimba "Areruya" kwa nguvu ambayo sijawahi kuisikia tena katika chumba kile. Mzee Anatoli alikuwa amejishikiza ukutani, anacheka bila sauti ili asiharibu kanda. Tuliiacha hivyo hivyo. Lakini aliniambia jioni, akiwa ameshafuta macho, "Hii ya leo tu. Neno likiharibika, kazi imeharibika." Nikaishika sheria hiyo hata baada ya yeye kufariki, na niliishika vizuri kuliko yeye.

Sasa Moshi wa Ziwa. Ninyi mnaijua ile albamu yao ya kwanza, mnaipiga kwenye simu zenu na mnajifanya mmezaliwa mnaijua. Mimi niliwajua wakiwa vijana watatu wasio na hata mfuko wa kubebea gitaa. Walikuja nikiwa nakaribia kustaafu. Dastan alikuwa mpiga gitaa na mtunzi, Mhaya mwenzangu, anasomea ualimu, anaongea kana kwamba kuna mtu anamsahihishia daftari. Masanja alikuwa wa ngoma, kijana mkubwa wa mwili na mchache wa maneno. Na Kabula, binti wa Kisukuma kutoka ng'ambo ya Usagara, anapiga gitaa la besi na kuimba. Jina la bendi walilitoa kwa wale wadudu niliowaambia.

"Shikamoo mama," Dastan akasema. "Sisi tunapiga rock ya saikedeliki."

"Marahaba. Saikolojia tunaifanyia wapi, humu studio?"

"Saikedeliki, mama. Ni muziki wa kuota ukiwa macho. Gitaa linavutika, sauti zinakwenda mbali halafu zinarudi. Msikilizaji anapoteza njia kidogo."

"Akipotea nani anamrudisha?"

Masanja akasema, "Ngoma." Hilo ndilo neno pekee nililolisikia kutoka kwake siku ile, na nikampenda hapo hapo.

Siku ya kwanza walipiga wimbo mmoja mrefu, ungeweza kubandika maji ya ugali ukaanza na kumaliza kusonga. Sikuuelewa. Lakini nilisikia kitu kimoja kwa uhakika: spika ya gitaa la Dastan ilikuwa imechanika, inakoroma vibaya. Nikamhurumia. Kijana wa watu, hana uwezo, anapiga na kifaa kibovu. Walipokwenda kula, nikaifungua ile spika, nikaziba michaniko yote kwa gundi na karatasi laini kama nilivyofundishwa, nikaikausha juani. Kazi safi kabisa. Dastan aliporudi akapiga nota moja, akasimama. Akapiga tena. Akaniangalia na macho yamejaa maji.

"Mama, umeigusa spika yangu?"

"Nimekutengenezea. Usijali, ni zawadi."

Akakaa chini kwenye zulia. Kumbe ile spika aliichana mwenyewe kwa wembe, polepole, kwa majaribio ya muda mrefu, akitafuta mkoromo ule ule. Nilikuwa nimemtibu mtu asiyeumwa. Ilibidi tukae wote wawili na wembe, yeye akisikiliza na mimi nikikata, mpaka tukaurudisha ugonjwa. Na nawaambia ukweli, katika kuutafuta ule mkoromo ndipo nikaanza kuusikia. Haukuwa ubovu. Ulikuwa na kifua ndani yake, kitu kizito kinachoita kutoka mbali.

Tangu hapo tukawa marafiki. Walitaka mwangwi mkubwa, mashine yetu ya mwangwi ilikuwa na sauti ya bafuni. Nikawatoa nje, nikawaonyesha lile simtanki la maji lililokuwa halitumiki. Chukueni hili, ni bure: weka spika ndogo ndani ya simtanki tupu, weka na maiki, funika kwa blanketi, pitisha sauti mule ndani halafu irekodi inavyotoka. Ukitaka sauti iwe mbali, sogeza maiki juu; ukiitaka karibu, ishushe. Nusu ya yale mnayoyaita maajabu kwenye albamu ile yalitoka ndani ya tanki la maji, na nusu nyingine kwenye lile jiwe la ukutani. Kompyuta ilitusaidia kukata na kuunga tu.

Nyimbo zilikwenda vizuri mpaka tukafika ule wa Kabula. Dastan ndiye aliyeuandika, lakini aliuandika kwa ajili yake, baada ya kusikia mambo ya nyumbani kwake. Kiitikio kilikuwa kifupi: "Mimi ni fahari ya baba, hata akigeuza uso."

Kabula akaimba, "Mimi ni fahali ya baba."

Nikainua mkono wa kulia. Akaimba tena, "fahali." Nikauinua zaidi. Binti aliniona, alielewa, alijitahidi. Safari iliyofuata akasema "fahari", R imesimama wima, lakini wimbo wenyewe ukawa umekufa. Ile sauti yake inayopanda bila haraka ikageuka ya mtoto anayesoma ubaoni. Alikuwa haimbi tena, alikuwa analinda herufi. Na akishasahau kuilinda, akiimba kwa moyo, anarudi kuwa ng'ombe dume.

Tulirudia asubuhi yote. Mwishoni Dastan akavua gitaa. "Kabula, watu watacheka. Wimbo wa uchungu, halafu watu wanacheka. Basi niuimbe mimi."

Hakuwa mbaya, Dastan. Alikuwa na hofu ile ile ya Mzee Anatoli, ambayo na mimi niliirithi. Kabula akaitikia kwa kichwa, akatoka nje. Nikamfuata. Nikampa maji, nikamuuliza habari za nyumbani, jambo ambalo ningelifanya kabla ya kuinua mkono wowote.

Alikuwa ameacha chuo cha uuguzi. Baba yake aliuza mitamba ili asome, na yeye akasoma kidogo, akaikuta besi, akaacha. Baba alipojua, hakumpiga wala hakumfokea. Aliacha kulitaja jina lake. Mwaka mzima. Sasa alikuwa amemtuma mjomba aseme kwamba anakuja kumchukua, mambo ya magitaa yaishe.

"Nilitaka asikie huu mmoja tu, mama," Kabula akasema. "Zingine hata asiposikia. Akiuimba Dastan, mimi nitamwonyesha baba nini? Atasema nimeacha shule nije kumpigia mtu gitaa."

"Akisikia huu ndiyo atakuacha?"

"Sijui. Lakini kama sipo kwenye wimbo wangu mwenyewe, hata mimi sioni sababu ya kubaki. Nitapanda naye gali."

Iliniuma. Nimerekodi watu wengi wenye sauti nzuri kuliko maisha yao, na nilijua nikimpoteza huyu kwa ajili ya herufi moja nitaisikia herufi hiyo mpaka kaburini. Nikarudi ndani, nikamwambia Dastan amwache ajaribu tena kesho, na nikamwambia kwamba mimi mikono yangu nitaikalia. Hakupenda. Nikamkumbusha nani alimkatia spika.

Kesho yake asubuhi Kabula akaingia chumba cha kuimbia, akavaa hedifoni, akafumba macho. Dastan na Masanja walikuwa na mimi huku kwenye mitambo. Muziki umeanza, lile gitaa la Dastan tulilokwisha kulirekodi linakoroma kutoka ndani ya simtanki, ndipo mlango wangu ukafunguliwa. Mzee mrefu, koti la kitambaa kizito, fimbo mkononi, ameivua kofia kabla hajavuka kizingiti.

"Mwangaluka," akanisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba. Karibu."

"Mimi ni baba yake na Kabula. Nimeambiwa yumo humu. Nimekuja tuludi nyumbani."

Nikamwonyesha kioo. Binti yake alikuwa hamwoni. Mzee akasogea, akasimama nyuma ya kiti changu, na mimi sikusimamisha muziki. Nilifikiri, kama ni kumchukua atamchukua, lakini kwanza atasikia. Gitaa likaita, refu, kutoka mbali. Mzee akainua kichwa na kugeuka kuangalia mlangoni, akitafuta kilicholia. Halafu Kabula akaimba, vile anavyoimba akiwa hailindi herufi yoyote: "Mimi ni fahali ya baba, hata akigeuza uso."

Dastan akafumba macho kwa aibu. Mzee akaniinamia.

"Anasemaje hapo?"

"Fahari ya baba," nikasema, nikaiweka R wazi kabisa.

"Fahali ya baba," akarudia kwa mdomo wake. Akasikiliza kiitikio kikirudi. "Anakosea."

Nilishangaa. Nikafikiri mzee wa watu kaisikia R.

"Ng'ombe hasemwi ya," akasema. "Ni fahali wa baba. Hawakuwafundisha shule?"

Dastan akafungua mdomo, mwalimu mtarajiwa, tayari kueleza. Nikamkanyaga mguu, na nilikuwa nimevaa viatu vya kanisani. Mzee hakuona. Macho yake yalikuwa kwenye kioo.

"Nilimwambia niliuza mitamba," akasema taratibu. "Siku anakwenda chuo. Sikutaka aende na mzigo. Mitamba ningeipata wapi, ilikuwa imebaki miwili na mama yake anaitegemea ije impe maziwa. Nilimpeleka mnadani fahali wangu. Yule ambaye huyu binti alikuwa anamlisha chumvi mkononi, tangu akiwa ndama." Akapangusa pua kwa kiganja. "Sasa nani kamwambia?"

 Masanja aliangalia sakafu. Mimi nilikuwa nimerekodi watu miaka yote hiyo na sikuwahi kufikiria kwamba kwa mtu asiye na R mdomoni wala sikioni, fahari na fahali ni neno moja, na ya au wa ndiyo inayoamua ni lipi. Kabula alikuwa ameimba ya. Mzee alisikia ya, alilalamika kuhusu ya. Mpaka leo sijui kama alikosea kusikia au alichagua mwenyewe.

"Ananisikia nikisema?" akauliza.

Kuna kitufe, ukikibonyeza sauti ya chumba cha mitambo inaingia kwenye hedifoni za mwimbaji. Nikakibonyeza. Mzee akakiinamia kile kimaiki kidogo karibu akimeze.

"Kabula. Useme wa."

Binti akafumbua macho. Akatuona wote nyuma ya kioo, akamwona na yeye. Mwaka mzima alikuwa hajasikia jina lake likitoka kinywani mwa baba yake.

"Baba?"

"Fahali wa baba. Siyo ya. Uimbe vizuli, watu wasikucheke."

Masanja, kwa kuwa ni mtu mwema na mambo ya kusema hayamjii, akaanza kukusanya vitu vya Kabula vilivyokuwa kwenye kiti: kanga, chupa ya maji, mfuko wa nguo aliokuja nao akiwa tayari kuondoka. "Mzee, nimfungie?"

"Umfungie nini?"

"Si mnaondoka."

Mzee akautazama ule mfuko, akauchukua, akaurudisha kwenye kiti. Kidole changu kilikuwa bado kwenye kitufe. Sikukisahau, msije mkanisingizia.

"Nimeshauza mmoja kwa ajili yake," akasema. "Huyu mwacheni malishoni."

Kabula hakuweza kuimba tena siku ile. Tulimrekodi kesho yake, na alisema wa.